Kuchambua soneti ya Kiingereza kwa insha ya chuo kikuu

Soma shairi kwa sauti mara mbili kabla ya kushika kalamu. Soneti iliyotamba enzi za Shakespeare ina mishororo 14: makundi matatu ya minne, kisha miwili ya kufungia. Andika vina pembeni kwa herufi, mishororo yenye kina kimoja ipewe herufi moja: ABAB CDCD EFEF GG. "Love" na "prove" zikikutana kama vina, usiseme mshairi amekosea. Matamshi yamebadilika tangu karne ya 16.

Kwenye mizani ndipo waliolelewa na mashairi ya Kiswahili hujikwaa. Tumezoea kuhesabu silabi, 8 kwa 8. Mshororo wa soneti kwa kawaida una silabi 10, lakini mdundo hubebwa na mkazo: hafifu kisha nzito, mara tano. Gonga meza kwa kidole penye kila mkazo. Mdundo ukivunjika, tuseme neno la kwanza limebeba mkazo, weka alama. Aya nzuri kuliko zote za insha mara nyingi hutoka hapo.

Kisha tafuta mgeuko wa hoja, hasa mshororo wa 9 au wa 13. "But" na "yet" hudokeza. Maneno ya zamani yaangalie katika Oxford English Dictionary, inayoonyesha tarehe za matumizi ya kila maana.

Kinachokula alama zaidi ni kusimulia shairi upya. Kila aya iwe na dai moja, nukuu fupi yenye namba ya mshororo, halafu maelezo marefu kuliko nukuu: sauti, mdundo au taswira ile inafanya nini pale ilipo.