Kumtafutia Kijana Wako Matibabu ya Kibingwa ya Ini Ukiwa Mwanza

Mzazi anayemwona kijana wake amejaa maji tumboni na macho yamegeuka ya njano huanza kuulizia gharama za kupandikizwa ini India. Swali la kwanza, hata hivyo, ni chanzo cha ugonjwa. Kichocho cha tumbo, kinachoambukizwa kwa kugusa maji ya ziwa yenye vimelea, huacha makovu kandokando ya mishipa inayopeleka damu kwenye ini, bandama ikavimba na mgonjwa akaweza kutapika damu nyingi, ilhali ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi. Sirosisi, yaani ini kujaa makovu, itokanayo na homa ya ini B au pombe hudhoofisha ini zima. Mgonjwa wa kichocho ni nadra kuhitaji kupandikizwa ini. Wa sirosisi anaweza kuhitaji.

Anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa, Sekou Toure, muombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kanda ya Bugando, na mwende na majibu yote ya altrasaundi, ya kazi ya ini na figo, ya kuganda kwa damu, ya homa ya ini B na C na ya VVU. Orodhesheni kila dawa aliyotumia, zikiwemo za miti shamba, ambazo wengi huzificha kwa aibu ilhali baadhi yake huliumiza ini. Mkifika kwa bingwa, ulizeni kama endoskopi (kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni) imeonyesha mishipa ya damu iliyovimba kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kama itafungwa isivuje damu, na kama maji ya tumboni yamepimwa maambukizi.

Kumbukeni kwamba mgonjwa ni mtu mzima na ridhaa ni yake, hata kama anayelipa ni baba. Kwa kuwa ini likishindwa huweza kuvuruga akili, ni vyema aseme mapema, mbele ya daktari, nani ataamua kwa niaba yake.

Msiuze shamba kabla ya madaktari kusema kwa maandishi kwamba upandikizaji unafaa. Mtoaji aliye hai lazima awe mtu mzima mwenye afya njema, na kwa kawaida kundi lake la damu huoana na la mgonjwa. Hukatwa sehemu ya ini lake, nayo hukua tena. Mzazi mwenye kisukari anaweza kukataliwa, kwa hiyo ndugu zake kijana nao waulizwe, bila kushurutishwa.

Nyumbani, aache kabisa pombe na dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, apunguze chumvi, lakini asinyimwe samaki, mayai wala maharage isipokuwa daktari ameagiza. Parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa, au akipata homa tumbo likiwa limejaa maji, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wa Sengerema sasa huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi. Wa Ukerewe bado hutegemea chombo cha majini, na kwa hiyo, ikiwa mishipa ya umio haijafungwa, ningeshauri mgonjwa akae kwa ndugu mjini hadi bingwa amruhusu kurudi kisiwani.