Barabara iliyolowa usiku: kupiga nyeusi na nyeupe kwa mtindo wa The Third Man

Robert Krasker alipata Oscar ya upigaji picha za nyeusi na nyeupe mwaka 1951 kwa The Third Man, filamu ya Carol Reed iliyopigwa Vienna. Wanaoiga mtindo wake huanza na kamera iliyopindishwa, yaani iliyolazwa upande kidogo. Ni kosa: kazi kubwa pale imefanywa na maji na taa iliyokaa nyuma.

1. Lowesha. Anzia mbali ukirudi kwenye kamera, usikanyage ulipokwisha kumwagia. Hutaki madimbwi, unataka utando mwembamba. Barabara ya mawe hushinda lami, kwa kuwa kila jiwe lina mgongo wake unaoshika nukta yake ya mwanga. Usiku wa joto, mwagia tena kila dakika 15 hivi. Nyaya za umeme zipite upande mkavu. Hilo halina mjadala.

2. Taa nyuma. Iweke mita 15 hadi 20 nyuma ya mwigizaji, kimo cha mita 4, imefichwa kwenye kona na ikitazama kamera. Kamera ishuke hadi usawa wa goti. Maji ni kioo: taa ikikaa kando ya kamera, mwanga unatorokea mbele na barabara inatoka nyeusi kama masizi. Hapo wengi huongeza taa. Uso wa mwigizaji unaungua, yaani unatoka mweupe mtupu kwa mwanga kuzidi, barabara inabaki vilevile. Weusi ukigeuka kijivu, taa inapiga lenzi moja kwa moja. Ikinge kwa kadibodi nyeusi.

3. Kivuli kikubwa ukutani, kama kile cha mzee muuza maputo katika filamu hiyo. Taa iwe chini, mita 2 kutoka kwa mtu, na ukuta mita 8 kutoka kwenye taa. Nane gawanya kwa mbili ni nne, yaani kivuli kinakua mara nne, basi mtu wa mita 1.7 anatoa kivuli cha karibu mita 7. Ondoa softboksi, kile kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga. Kwa umbali huo, taa yenye uso wa sentimita 5 huacha ukingo wenye ukungu wa sentimita 15. Ya sentimita 30 huacha ukungu wa sentimita 90, na hapo huna kivuli, una doa.

4. Kamera. Anza na ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), na shata ya sekunde 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde. Nukta chache za mawe zikiungua, ziache. Usitegemee kuinua giza wakati wa kuhariri, utapata chengachenga. Skrini iwe nyeusi na nyeupe tangu mwanzo: koti jekundu mbele ya ukuta wa kijani linaweza kutoka kijivu kilekile, na mtu akapotea.

5. Sasa pindisha, nyuzi 10 hadi 20, kwa shoti ambazo mhusika hajui amwamini nani. Shoti inayofuata irudi sawa, maana jicho likishazoea mpindo halishtuki tena.