Gari Linapovuta Upande Baada ya Kubadilisha Vipuri vya Sasipensheni ya Mbele

Fundi anapofungua shokapu, mkono wa chini (unaoshikilia gurudumu kwenye fremu) au tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu usukani unapozungushwa) na kufunga vipya, hata awe makini kiasi gani, ni nadra magurudumu ya mbele kurudi mahali pale pale yalipokuwa. Dalili hujitokeza katika safari ya kwanza: usukani unakaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, au gari linavuta kushoto dereva anapolegeza mikono, au usukani hautaki kurudi wenyewe baada ya kona. Wengi hukimbilia kuzungusha tairodi mpaka usukani unyooke. Mwongozo huu unashauri tairodi iwe kitu cha mwisho kuguswa, kwa sababu ina uwezo wa kuficha kosa la kipuri kilichofungwa vibaya kwa muda wa kutosha kumaliza matairi mawili mapya.

Alaimenti ya mbele, yaani mkao wa magurudumu ya mbele, inasimama juu ya pembe tatu. Kemba ni mwinamo wa gurudumu unapolitazama gari kwa mbele. Sehemu ya juu ya gurudumu ikiegemea ndani, kemba ni hasi, na ikiegemea nje, ni chanya. Kasta huonekana kwa ubavuni, nayo ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia linapokatwa. Kadiri mhimili huo unavyolalia nyuma, ndivyo usukani unavyopata nguvu ya kurudi katikati. Tou ni mwelekeo wa magurudumu unapoyatazama kutoka juu, yaani kama ncha zao za mbele zimekaribiana au zimeachana. Magari mengi ya abiria hutaka tou iliyo karibu na sifuri, au ya milimita 1 hadi 3 kuelekea ndani, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha gari lenyewe.

Kila dalili ina asili yake, na hapa ndipo muda mwingi hupotea bure. Usukani uliokaa upande kwenye gari lisilovuta kwa kawaida unatokana na tou iliyogawanyika visivyo sawa kati ya kushoto na kulia. Tou iliyokosewa yote kwa jumla hula matairi kwa namna ya meno ya msumeno: ukipitisha kiganja juu ya tairi kukingama, kuelekea upande mmoja utahisi ulaini, na ukirudisha kiganja utahisi ukali. Gari linalovuta, kwa upande mwingine, mara nyingi lina tofauti ya kemba au ya kasta kati ya pande mbili. Huvuta kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi, au upande wenye kasta ndogo, na kwa kemba tofauti ya nusu digrii tu inaweza kutosha kuhisiwa mikononi.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu sasipensheni, pima upepo wa matairi yote manne na ubadilishane matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi. Gusa pia rimu baada ya safari fupi usiyofunga breki sana. Iliyo moto kupita mwenzake inaashiria breki inayoshika, na hakuna alaimenti itakayoponya hilo.

Kurudia kazi iliyofanyika

Anza na bushi za mpira za mkono wa chini, kwa kuwa kosa lake ni la kawaida mno na halionekani kwa macho. Bushi nyingi za aina hii hazizunguki kwenye bolti. Bomba lake la ndani hubanwa, na mpira ndio unaojipinda mkono unapopanda na kushuka. Bolti ikikazwa gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, mpira hubanwa katika hali ya kuning'inia, kisha gari likiteremshwa hubaki umejisokota muda wote. Upande huo unaweza kukaa juu kidogo, pembe zikabadilika, na bushi mpya ikachanika mapema. Dawa yake ni kulegeza bolti hizo, kuliweka gari juu ya magurudumu yake mahali unapoweza kuzifikia, kulitikisa mara kadhaa, kisha kuzikaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kufuata kipimo cha mtengenezaji. Kama huna ngazi ya kupandishia gari wala shimo, inua mkono wa chini kwa jeki taratibu mpaka uzito wa upande ule uanze tu kuondoka kwenye stendi, na ukaze hapo, bila kuweka sehemu yoyote ya mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Kwa magari yenye shokapu ya MacPherson, ambayo hubeba springi na kushika gurudumu kwa juu, tazama bolti mbili zinazoiunga shokapu na kipande kinachobeba kitovu cha gurudumu. Matundu yake mara nyingi yana nafasi ndogo, na nafasi hiyo inatosha kuhamisha kemba kwa sehemu kubwa ya digrii. Aliyeweka alama ya chokaa au ya sindano kabla ya kufungua atairudisha karibu na ilipokuwa. Asiye na alama alegeze bolti, asukume sehemu ya juu ya gurudumu ndani au nje, akaze, halafu apime pande zote mbili. Kumbuka kwamba kemba ikihama, tou nayo huhama.

Ncha ya springi lazima ikae kwenye kituo chake ndani ya sahani inayoikalia. Niliwahi kutumia alasiri nzima nikizungusha tairodi za gari lililokataa kunyooka, kumbe springi ya kushoto ilikuwa imepanda juu ya kituo kwa upana wa kidole na kuinua kona ile. Tangu siku hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, ninapima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Beringi ya juu ya shokapu nayo ichunguzwe, hasa pale usukani unapobaki ulipoachwa badala ya kurudi, kwani ikikwama hutoa dalili zinazofanana na za kasta mbovu.

Ikiwa fremu ndogo inayobeba mikono ya chini iliteremshwa wakati wa kazi, huenda imerudi ikiwa imehama pembeni. Ishara yake ni kemba ya upande mmoja kusogea kuwa chanya huku ya upande mwingine ikisogea kuwa hasi kwa kiasi kinachokaribiana. Hapo unalegeza bolti za fremu na kuirudisha kwenye alama au matundu yake ya kulenga. Kuweka bolti za kemba zenye mhimili pembeni juu ya fremu iliyohama ni kulea ugonjwa.

Kupima na kurekebisha tou

Mpangilio wa kazi haubadiliki: nyuma kabla ya mbele, kasta na kemba kabla ya tou. Sababu ya kuanza na nyuma ni kwamba mwelekeo wa ekseli ya nyuma ndio unaoamua gari linakwenda wapi, na magurudumu ya mbele hufuata. Kasta katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele haina marekebisho yoyote, hivyo ikiwa nje ya kipimo, tafuta mkono uliopinda au kipuri kisicho cha gari hilo.

Tou inaweza kupimwa nyumbani kwa uzi, kwa usahihi wa kutosha kulifikisha gari salama kwenye mashine ya alaimenti. Weka gari kwenye sakafu tambarare, nyoosha usukani na uufunge usicheze, kisha usukume gari mbele mita chache ili magurudumu yatulie. Funga uzi kila ubavu kwenye stendi, kwa urefu wa katikati ya vitovu, ukihakikisha kwamba umbali kutoka uzi hadi kitovu cha mbele ni sawa kushoto na kulia, na vilevile kwa vitovu vya nyuma. Umbali wa mbele na wa nyuma huenda usilingane, kwa sababu upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma hutofautiana katika magari mengi. Sasa pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu hilo linaelekea ndani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili.

Ili kurekebisha, legeza nati ya kufungia tairodi na kibanio cha mpira wa raki (chombo cha meno kinachosukuma tairodi usukani unapozungushwa), maana mpira ukijisokota utapasuka. Ikiwa raki iko nyuma ya ekseli, kurefusha tairodi huelekeza gurudumu ndani. Ikiwa mbele ya ekseli, huelekeza nje. Kwa hesi ya tairodi yenye hatua ya milimita 1.5 na mkono wa usukani (kipande cha kitovu ambacho tairodi hukisukuma) wa milimita 140 hivi, robo ya mzunguko hubadilisha tou kwa takribani milimita 1 kwenye rimu ya inchi 15. Kwa hiyo zungusha kidogo, sukuma gari, pima upya. Tou ya jumla ikiwa sahihi lakini usukani umekaa upande, fupisha tairodi moja na urefushe nyingine kwa kiasi kile kile. Usiung'oe usukani na kuuhamisha kwenye meno yake: unavuruga katikati ya raki, na katika magari mengi unachezea mfuko wa hewa wa usalama.

Kuhesabu mizunguko wakati wa kufungua tairodi ya zamani ni desturi nzuri, lakini tairodi mpya si lazima iwe na urefu ule ule, hivyo hesabu hiyo ni ya kuanzia tu.

Baada ya hapo, gari lipelekwe kwenye mashine ya magurudumu manne, na uombe vipimo vilivyochapishwa vya kabla na baada. Gari lenye kipima pembe ya usukani au kamera ya kusaidia kubaki kwenye njia huenda likahitaji vifaa hivyo visawazishwe upya, la sivyo taa ya onyo itawaka au usukani wa umeme utasukuma upande ambao dereva hakuuomba. Springi zikiwa mpya, acha gari litembee siku kadhaa zikae kabla ya kipimo cha mwisho, na siku hiyo hiyo pitisha spana kwenye nati za kufungia tairodi na kwenye nati za magurudumu.