SOMO: Kupiga picha za vitu vya mnada kwa simu

Habari za leo ndugu zangu wa grupu letu la mnada. Kinyago cha mpingo kinamchukua fundi wa hapa Bagamoyo siku nyingi za jasho, halafu kinaingia mnadani kwa picha iliyopigwa usiku chini ya balbu ya njano, na dau linakwama pale pale lilipoanzia. Inaniuma. Kwenye mnada wa uwanjani mteja anakishika kitu, anakigeuza, anakigonga kwa kucha. Mtandaoni hana cha kushika na saa inakwenda. Kila picha unayopiga imwambie jambo ambalo angelijua kwa mkono wake.

Hatua ya 1: Futa lenzi. Simu inashinda mfukoni na viganjani, na sisi wa pwani tuna upepo wa chumvi. Pulizia pumzi kidogo, futa kwa kitambaa laini cha pamba. Ukungu mwingi tunaoulaumia simu ni mafuta ya vidole tu.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga. Hapa ndipo penye kazi. Zima flashi. Jua la mchana nalo liache, linatupa vivuli vikali na kuchoma rangi. Mji wetu unatazama mashariki, kwa hiyo baraza la upande wa bahari linapigwa na jua asubuhi. Hamia uani, penye kivuli lakini mbingu inaonekana. Alasiri fanya kinyume chake. Ukiwa ndani, sogeza meza dirishani na uzime taa, maana mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha, kitu kinakuwa cha njano huku na cha buluu kule. Mwanga uingie kwa ubavuni, si kwa mbele: ndio unaozitoa nakshi na nyuzi za ukili wa mkeka. Upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli.

Hatua ya 3: Safisha nyuma ya kitu. Manila moja ibandike ukutani, uiache iteremke mpaka mezani bila kuikunja, kusiwe na mstari. Au shuka ya rangi moja, iliyopigwa pasi. Kochi la maua hapana.

Hatua ya 4: Mpingo una mambo yake. Ukikijaza kinyago kwenye kioo cha simu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, mpingo unatoka kijivu. Ukikiweka mbele ya shuka nyeupe tupu, kamera inapunguza mwanga, unabaki na kivuli cheusi kisicho na macho wala mdomo. Tumia nguo ya kijivu au ya kahawia hafifu. Gusa uso wa kinyago kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha teremsha alama ya jua polepole mpaka weusi uwe weusi na mikato bado ionekane.

Hatua ya 5: Zunguka. Mbele, nyuma, ubavu, chini, na moja ya karibu kabisa. Usikisogelee mno kitu kirefu, kichwa kitaonekana kikubwa kuliko miguu. Rudi nyuma hatua moja, picha utaikata baadaye. Moja iwe na rula pembeni. Sarafu ya mia mbili inatosha kwa wateja wa hapa, lakini aliye Ujerumani haijui.

Hatua ya 6: Piga kasoro. Ufa, pindo lililochanika, alama ya mchwa: ipige kwa karibu na uiwekee kidole. Wengi wanaogopa hatua hii. Mimi naisisitiza kuliko zote, kwa sababu mteja aliyeuona ufa akapandisha dau hana cha kulalamikia mzigo ukifika.

Hatua ya 7: Kutuma. WhatsApp inabana picha. Tuma kama dokumenti au chagua HD. Wenye ndugu nje wanaowapandishia vitu eBay, ule mnada wa mtandaoni wa kimataifa, upande mrefu wa picha usipungue pikseli 500, na 1600 ndiyo inayopendekezwa. Msiweke fremu wala maandishi juu ya picha, hawaruhusu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, asante kwa somo. Khanga zangu nyekundu zinatoka kama rangi ya chungwa.*

Karibu mpenzi. Nyekundu ikizidiwa na mwanga huwa hivyo. Piga kivulini, teremsha mwanga, na usitumie vichujio. Onyesha pindo, mji (ile sehemu ya katikati), na jina, yaani yale maandishi ya khanga, lisomeke lote, maana wapo wanaonunua jina kuliko rangi.

*Shikamoo dada. Nina birika la shaba, kila nikipiga najiona mwenyewe na chumba kizima.*

Marahaba mdogo wangu. Tundika shuka nyeupe kati yako na birika, utoboe upenyo wa lenzi tu. Birika litaakisi shuka. Na kabla ya kupiga usilisugue likang'aa kama jipya. Wanunuzi wa vitu vya kale wanataka ule ukungu wake wa uzee.

*Mimi nina mlango wa nakshi wa marehemu babu, naupigaje picha?*

Kaka, pole kwa babu. Picha ni rahisi: asubuhi au jioni jua likipita kwa ubavu, simama katikati, simu wima usawa wa kifua. Lakini usiutangaze kwa wateja wa nje kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na hautoki nchini bila kibali. Anzia kwa ofisi ya Mambo ya Kale.

*Kuna mtu kachukua picha zangu kwenye grupu lingine anauzia watu hewa. Tufanye nini?*

Katika picha moja, weka kando ya kitu karatasi yenye jina lako na tarehe kwa kalamu. Na mteja akitia shaka, mwombe achague pembe yoyote, umpigie hapo hapo umtumie. Mwizi wa picha hana kitu cha kugeuza.