Kabla ya usaili: weka sawa maswali ya matukio ya sasa

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka, steshenari za Mwanjelwa hapa Mbeya na za Miyomboni kule Iringa hujaa vijana wanaotoa kopi za madesa ya maswali ya uelewa wa jumla. Mengi hayana jina la aliyeyaandika wala tarehe. Anzia hapo. Kabla hujakariri hata swali moja, chunguza desa lako ni la lini, na kama halisemi, lipime kwa swali hili: Spika wa Bunge ni nani?

Likijibu Dkt. Tulia Ackson, limepitwa. Aliliongoza Bunge tangu Februari 2022, lakini Novemba 2025, baada ya Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba, wabunge walimchagua Mussa Azzan Zungu. Mwezi huohuo Emmanuel Nchimbi alipokea umakamu wa Rais kutoka kwa Philip Mpango, na Mwigulu Nchemba akawa Waziri Mkuu baada ya miaka kumi ya Kassim Majaliwa. Jaji Mkuu naye, George Masaju, aliteuliwa Juni 2025. Nafasi nne kubwa za nchi zilibadilika ndani ya nusu mwaka, na desa la 2024 litakukosesha zote nne ukiwa na uhakika kabisa kwamba umepata.

Swali la Dkt. Tulia lina mtego mwingine kwa sisi wa Mbeya. Alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2025 jimbo hilo liligawanywa, likazaliwa jimbo la Uyole, naye akagombea huko. Urais wa Umoja wa Mabunge Duniani ni jambo jingine kabisa, alichaguliwa Oktoba 2023 jijini Luanda. Uspika, ubunge na urais huo, kila kimoja kiandike na mwaka wake. Hilo ndilo ninalowasisitizia wadogo zangu wote wanaojiandaa: jina lisilo na tarehe usiliingize kwenye daftari.

Jambo la pili ni mkoa wako mwenyewe. Inasikitisha kumwona kijana anataja miji mikuu ya Ulaya bila kusita, kisha anaulizwa Kimondo cha Mbozi kiko mkoa gani na anajibu Mbeya. Kilikuwa Mbeya. Tangu 2016 Mbozi iko mkoa wa Songwe, makao makuu yake Vwawa. Lakini Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, uko mkoa wa Mbeya. Njombe nayo ilikuwa sehemu ya Iringa hadi 2012. Ukisoma kitabu cha zamani kinachosema Makete iko Iringa, kitabu hakikukosea kilipoandikwa. Wewe ndiye utakayekosea ukikirudia leo.

Hifadhi ni vilevile. Kuna vitabu vinavyosema hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote ni Serengeti, vingine Ruaha. Jibu la sasa ni Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, yenye kilomita za mraba 30,893. Ruaha ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na Kitulo, ile ya maua, mwaka 2005. Kwa idadi ya watu tumia sensa ya Agosti 2022: nchi nzima 61,741,120, Mbeya 2,343,754, Songwe 1,344,687, Iringa 1,192,728, Njombe 889,946. Huna haja ya kukariri mikoa yote 31. Wa kwako na jumla ya taifa vinakutosha.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wengi wanaipita haraka, nami naiona ndiyo inayomtofautisha anayejua na aliyekariri. Kwenye mchujo utapewa swali la kuchagua jibu, na namba pekee inaweza kukuokoa. Kwenye mahojiano mjumbe wa jopo anaweza kukugeuzia: kwa nini? Hapo lazima tukio liwe na mizizi, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati, maana mizizi ya matukio mengi ya taifa iko hapa kwetu.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere. Madesa yanasema megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235, mto Rufiji, basi. Lakini fuata maji. Sehemu yake inatoka kwenye milima yetu ya Uporoto na Kipengere, inashuka bonde la Usangu kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, inapita ardhi oevu ya Ihefu, inakuwa Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi, inafika Mtera yenye megawati 80, kisha Kidatu yenye 204, ndipo inaungana na Rufiji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi yanachotwa juu. Mtu aliyeelewa mlolongo huu anaweza kujibu swali la umeme, la kilimo cha umwagiliaji, la migogoro ya wafugaji na wakulima na la utunzaji wa vyanzo vya maji, yote kwa somo moja.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hivyohivyo. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako, Mbeya na Tunduma, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China ili shaba ya Zambia ipate njia isiyopitia nchi zilizotawaliwa na walowezi. Habari ya sasa ni mkataba wa 2025 na kampuni ya China CCECC wa kuifufua, uwekezaji wa dola bilioni 1.4 kwa miaka 30. Na usiichanganye na SGR. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, TAZARA 1,067, reli ya kati ya zamani 1,000. Abiria wa SGR walianza kufika Dodoma Julai 2024.

Mpaka nao una somo. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia ya kwetu, zikiwemo ndizi. Muda mfupi baadaye zuio likaondolewa. Wafanyabiashara wa Kyela na Rungwe wanaotumia mpaka wa Kasumulu waliijua habari hii kabla ya magazeti. Ukiisoma, uliza mara moja: tuko jumuiya gani pamoja? Malawi na Zambia wako nasi SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, yenye wanachama 16 na makao Gaborone. Hawako Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye wanachama wanane tangu Somalia ijiunge 2024, makao Arusha. Wao wako COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Sisi tulijitoa mwaka 2000. Malawi ilifanya uchaguzi Septemba 2025 na Peter Mutharika akamshinda Lazarus Chakwera.

Majina mengine ya Afrika yanahitaji mstari mmoja mmoja tu. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Sidi Ould Tah wa Mauritania, Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Profesa Mohamed Janabi wetu, Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Wote walichaguliwa 2025. Mwaka huo pia Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. AFCON ya 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 isome yenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu. Ilizinduliwa Dodoma 17 Julai 2025, utekelezaji wake kuanzia Julai 2026, ikilenga uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa kipato cha dola 7,000 kwa mtu. Ukiomba kazi serikalini, jiulize kada yako inaingia wapi humo, na ujibu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpaka ulimi uzoee.

Kila siku sikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku na uandike mambo matatu. Uteuzi wowote uthibitishe kwenye chanzo cha pili. Anayekuuzia "maswali yenyewe" WhatsApp, mpite.

Mwisho ni karatasi, na hapa watu wengi wazuri hurudishwa mlangoni. Soma tangazo lako neno kwa neno. Sekretarieti ya Ajira hutaka vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Jina likitofautiana kati ya vyeti, andaa hati ya kisheria mapema, si wiki ya usaili. Beba kitambulisho, nakili namba yako ya usaili kutoka akaunti ya Ajira Portal ukiwa bado nyumbani na una bando, na tenga nauli, chakula na malazi, kwa kuwa gharama ni zako. Kama kituo ni Dodoma, panda basi la kupitia Iringa na Mtera siku moja kabla, na usiku huo ingia tena kwenye akaunti uone kama ukumbi au saa havijabadilishwa.