Kumfuga tarantula wa mtini Tabora: hewa kwanza

Tarantula wa mtini ni buibui mkubwa mwenye manyoya anayeishi juu ya miti. Anayefia kwenye kopo mara nyingi hafi kwa njaa wala kiu. Huuawa na hewa iliyotuama: mfuniko umebana, udongo umelowa, ukungu umeota. Hapa tunamzungumzia Avicularia avicularia wa misitu ya Amerika Kusini, mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi. Ni mpole. Tarantula mwingine wa mtini, Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi, ana mbio na sumu kali. Asiwe wa kwanza kwako. Kabla ya kumpata yeyote, ulizia kibali ofisi ya wanyamapori.

Kwa aliyekomaa tafuta boksi la plastiki linaloonyesha ndani, sm 20 kwa 20, kimo sm 30. Kimo ndicho cha kuzingatia, kwa kuwa anaishi juu. Pasha msumari moto, toboa matundu ubavu mmoja karibu na chini na ubavu wa pili karibu na juu, ili hewa ikatishe boksi zima. Yawe madogo kuliko kichwa chake, maana kichwa kikipenya na tumbo hufuata. Kwa mtoto tumia sindano. Tundu kubwa lizibe kwa wavu wa chuma, kamwe si kipande cha chandarua: dawa iliyotiwa humo kuua mbu humuua na buibui. Dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza nayo isitumike chumba hicho.

Chini weka sm 5 za udongo usio na mbolea, kisha simamisha gome mshazari hadi karibu na mfuniko. Kipande cha mzinga wa gome uliochakaa kinafaa sana kwa sababu tayari kimejikunja, na yeye hupenda kufuma utando wake kwenye mfereji kama huo. Lakini kikibaki na nta au harufu ya asali, sisimizi watakivamia. Kichemshe, kianike juani mpaka kikauke kabisa. Miguu ya meza inayobeba boksi isimame ndani ya makopo ya maji yenye sabuni. Sisimizi wakimkuta anajivua gamba, hana pa kukimbilia.

Maji ya kunywa yakae kwenye kifuniko cha chupa. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, lowesha pembe moja ya udongo mara moja kwa wiki, na usirudie kabla haijakauka. Wakati wa mvua kifuniko hicho kinatosha. Ukiona kuta za boksi zinatoa jasho, ongeza matundu. Joto zuri ni nyuzi 22 hadi 28. Usiku wa Juni na Julai lihamishie boksi ukuta wa ndani, mbali na sakafu ya saruji; jiko la mkaa lisiingie chumba hicho.

Mlishe panzi au mende asiyezidi tumbo lake kwa ukubwa: mmoja kila siku 7 hadi 10, na kwa mtoto kila siku 4 hivi. Asipoliwa hadi kesho yake, mtoe. Panzi wa shamba la tumbaku usimguse. Mashamba hayo hupigwa dawa, na nikotini yenyewe ni sumu ya wadudu. Aliyetoka kufunga majani ya tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kugusa boksi. Salama zaidi ni kuzalisha mende wako kwenye ndoo, kwa pumba na karoti.

Akiziba mlango wa utando wake na kukataa chakula, anakaribia kujivua gamba. Mwache, hata zikipita wiki kadhaa. Akishatoka, meno yake huwa meupe, kisha mekundu, kisha meusi. Subiri weusi ndipo umlishe, kwa sababu mende anaweza kumng'ata mwili ungali laini.

Akilala chali, anajivua; usimguse. Akiwa kifudifudi na miguu yote imejikunja chini ya kifua, hapo kuna hatari: tarantula hukunjua miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, na sababu ya kawaida ni kuishiwa maji. Msogeze taratibu kwa kadi mpaka mdomo ufikie ukingo wa maji, bila kumzamisha, na uache boksi mahali penye hewa.