Jinsi ya Kupima Kama Sayari Inaweza Kuwa na Maji Usoni

Kila sayari mpya inapotangazwa, swali la kwanza ni lile lile: ina maji? Mimi huwafundisha vijana wa sekondari astronomia, na swali hilo tunalifanyia kazi kwa daftari na kikokotoo cha kawaida. Fanya nasi. Utaona kwa nini namba ya joto peke yake haitoshi kuiita sayari makao ya viumbe.

Hatua ya 1: Tafuta namba mbili

Ya kwanza ni mwanga ambao sayari inapokea kutoka kwa nyota yake, Dunia ikihesabiwa kuwa 1. Zuhura ni 1.91, Mirihi 0.43. Ya pili ni sehemu ya mwanga huo inayorudishwa angani na mawingu, barafu na ardhi: Dunia 0.3, Mirihi 0.25, Zuhura 0.76 kwa sababu ya mawingu yake mazito.

Ongeza na TRAPPIST-1e, mojawapo ya sayari saba zinazoizunguka nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka nuru 40 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Inapokea takriban 0.65. Namba yake ya pili haijapimwa, basi tuiazime 0.3 ya Dunia.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Chukua 1, toa namba ya pili, kisha zidisha kwa ile ya kwanza. Bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, halafu zidisha kwa 278.5. Hizo ni kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi; toa 273 upate nyuzi za Selsiasi.

- Dunia: -18
- Mirihi: -63
- Zuhura: -44
- TRAPPIST-1e: -44

Tulia kwanza uzitazame namba hizi. Zuhura, ambayo usoni ina joto la zaidi ya nyuzi 460, imepata jibu moja na sayari tunayoitumainia kuwa na bahari. Na Dunia yetu ingekuwa imeganda! Hesabu ni sahihi, ila imeiacha kando hewa inayozuia joto lisitoroke. Hewa hiyo ndiyo inayoipandisha Dunia hadi wastani wa nyuzi 15.

Hatua ya 3: Kagua mgandamizo wa hewa

Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukizidi kuipunguza hewa, kiwango cha kuchemka hushuka mpaka kikutane na kile cha kuganda. Hapo mgandamizo ni paskali 611 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Chini yake barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Mirihi ina wastani wa paskali 600 hivi, ndiyo maana mikondo ya mito ya kale inaonekana lakini mito yenyewe hakuna.

Hatua ya 4: Uliza maji yatafanya nini kwa hali ya hewa

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kiini cha kazi yote. Maji hayakai tu yakisubiri joto linalofaa. Yenyewe hulibadilisha joto hilo. Sayari ikipata joto, mvuke huongezeka, na mvuke huzuia joto, hivyo sayari huzidi kupata joto. Ikipoa, barafu husambaa na kurudisha mwanga mwingi angani, nayo huzidi kupoa. Zuhura inaelekea ilipita njia ile ya kwanza: uwiano wa haidrojeni nzito kwa ile nyepesi katika hewa yake ni zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia, dalili kwamba ile nyepesi ilitorokea angani pamoja na maji mengi.

Dunia imeokolewa na mvua. Mvua huibeba hewa ukaa, ambayo nayo huzuia joto, huyeyusha miamba polepole, na mito hupeleka mchanganyiko huo baharini ambako hugeuka chokaa. Volkano huirudisha hewani. Joto likizidi, mvua huyeyusha miamba haraka zaidi na hewa ukaa hupungua. Baridi ikizidi, kazi hiyo hulegea nayo hewa ukaa hujikusanya tena.

Hatua ya 5: Kadiria wingi wa maji na nchi kavu

Uzito wa bahari zetu zote haufiki asilimia 0.03 ya uzito wa Dunia, lakini zimefunika asilimia 71 ya uso wake. Kumbe maji yakizidi kidogo tu, mabara huzama, na mzunguko ule wa mvua na miamba hudhoofika. Bahari ikiwa na kina cha mamia ya kilomita, uzito wa maji hugandisha barafu sakafuni hata kukiwa na joto, na barafu hiyo huzuia fosforasi na madini mengine ya miamba yasiwafikie viumbe.

Hatua ya 6: Andika matokeo

Tumia safu tatu: kilichopimwa, kilichokadiriwa, kisichojulikana. Kwa TRAPPIST-1e, mwanga unaingia safu ya kwanza, -44 safu ya pili. Hewa, maji na nchi kavu viweke safu ya tatu, na uache nafasi ya kutosha, maana darubini ya James Webb imeshaanza kuichunguza hewa ya sayari hiyo.